Juu ya Mtoto Ambaye Chakula cha Wenzake Humdhuru



Liko swali moja ambalo zamani halikusikika sana katika sharika zetu, nalo siku hizi lasikika, hasa mijini. Mtoto mdogo amefikia umri wa kwenda shule, naye hawezi kula chakula fulani ambacho wenzake wote hula bila shida. Akikionja kidogo tu, midomo yake huvimba, pumzi humbana, na pengine hufa. Je, kazi ya kumlinda ni ya nani? Ni ya baba na mama peke yao, kwa kuwa ndio waliomzaa? Au ni ya mwalimu pia, na ya mpishi, na ya wazazi wa watoto wengine, na hata ya watoto wenyewe wanaoketi naye katika dawati moja? Nataka tulifikiri jambo hili kwa makini, maana wengi hulijibu upesi, na majibu ya upesi yamekwisha kuwadhuru watoto.

Kwanza yafaa tuelewe jambo lenyewe. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si uchawi, wala si kudeka. Mwili wa kila mtu una kinga yake, kama mji ulio na walinzi. Adui akiingia, walinzi humpiga. Lakini katika mwili wa mtoto huyu walinzi wamemdhania mgeni mwema kuwa adui. Wakiiona karanga, au yai, au maziwa, hupigana vita vikali hata kuuharibu mji wenyewe. Mwaka 1902 wataalamu wawili Wafaransa, Charles Richet na Paul Portier, walieleza habari za mbwa waliokuwa wamepewa sumu ya mnyama fulani wa baharini na kupona. Walipopewa mara ya pili, tena kipimo kidogo sana, walikufa upesi. Kwa kazi hiyo Richet alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1913. Na mwaka 1906 daktari wa watoto wa mji wa Vienna, Clemens von Pirquet, alitunga neno ambalo watu wetu leo hulitamka aleji. Kwa Kiswahili twasema mzio, na neno hili nitalirudia, maana lina mafundisho ndani yake.

Vyakula vinavyoleta mzio mara nyingi ni hivi: maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, samaki, kamba na kaa, ngano, soya, na ufuta. Msomaji ataona kwamba karibu vyote vimo jikoni mwetu. Tena asidhani kwamba ni jambo la Ulaya tu. Wataalamu wa Afrika ya Kusini waliwapima watoto wadogo wa umri wa mwaka mmoja hata mitatu, wakatoa habari zao mwaka 2019: mjini Cape Town waliona mzio wa chakula kwa watoto kama 2.5 katika kila 100, na shamba, katika wilaya ya Mqanduli, kwa watoto kama 0.5 katika kila 100. Hesabu ya shamba ni ndogo, lakini si sifuri. Katika shule yenye watoto 1,000 hata hesabu hiyo ndogo ni watoto watano.

Hapo huja lawama, na mara nyingi humwangukia mama. Huambiwa kwamba amemlea mtoto kizungu, au alikula vibaya alipokuwa mjamzito, au alichelewa kumlisha. Mwenye kusema hivyo na akumbuke kwamba hata waganga wakubwa walibadili shauri lao. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliwashauri wazazi wa watoto walio katika hatari wasiwape karanga mpaka wafike miaka mitatu. Mwaka 2008 wakaliondoa shauri hilo. Kisha mwaka 2015 kazi iliyofanywa London, kwa watoto 640 wenye hatari kubwa, ilionyesha kinyume chake: kati ya walioepushwa na karanga, watoto kama 17 katika 100 walikuwa na mzio walipofika miaka mitano, na kati ya waliolishwa karanga tangu uchanga, katika chakula laini, kama watatu tu. Ikiwa wenye elimu ya vitabu walikwenda njia moja miaka minane kisha wakageuka, mama mwenye mtoto mgongoni atahukumiwa kwa haki gani? Basi tuiache lawama; haimsaidii mtoto kupumua.

Sasa tumfikirie mtoto wa kike wa miaka sita, ameingia darasa la kwanza, naye ana mzio wa karanga. Nyumbani mama yake ameviondoa vyote. Lakini saa nne asubuhi shuleni huja uji wa lishe, na unga wake umesagwa pamoja na mahindi, ulezi, soya na karanga. Pengine mpishi ni mwema, amempikia uji wake wa mahindi matupu. Lakini ameukoroga kwa mwiko ule ule. Pengine mwiko ni mwingine, lakini mahindi yalisagwa katika mashine ambayo mtu wa mbele yake alisagia karanga. Kinu chaweza kuwa ni kile kile, na upawa ni ule ule. Nje ya lango kuna mama anayeuza kashata. Na ndani ya darasa yuko rafiki yake mpenzi, ambaye akipewa kashata moja huivunja mara mbili, nusu yake na nusu ya mwenziwe, kama alivyofundishwa na wazazi wema.

Hapa ndipo uzito wa neno hili ulipo, kwa maoni yangu. Hatari ya mtoto huyu haitoki kwa watu wabaya. Yatoka katika wema wetu. Sisi tumewafundisha watoto wetu kwamba kula peke yako ni uchoyo, na kukataa chakula cha mtu ni kumdharau, tena ni kumshuku kwamba amekutilia kitu. Mtoto akiingia nyumba ya jirani, akapewa sahani, naye akauliza, "Kimepikwa kwa nini hiki?", watu wazima hutazamana. Husema, huyu hakulelewa. Basi mzazi wa mtoto mwenye mzio yuko katika taabu ya namna mbili: amfundishe mwanawe adabu, apate kufa kwa adabu hiyo, au amfundishe kukataa na kuhoji, aonekane mwenye kiburi kila aendako.

Lakini je, ni kweli kwamba desturi yetu haina nafasi kwa mtu wa namna hii? Sikubali. Litazameni neno lenyewe, mzio. Madaktari hawakulitunga. Ni neno la kale, nalo lilikuwa na maana ya chakula ambacho mtu amekatazwa, ama kwa desturi ya ukoo wake, ama kwa agizo la mganga aliyemtibu. Wako watu ambao ukoo wao hauli nyama ya mnyama fulani, na wako ambao hawali samaki fulani. Mtu wa namna hiyo alipofika ugenini akasema, "Hiki ni mzio kwangu," mwenyeji hakukasirika. Hakumwambia, "Onja kidogo, hutadhurika." Hakumtaka alete cheti. Alimwondolea chakula kile, akamtafutia kingine, na kama hakuwa nacho aliona haya yeye, si mgeni. Wazee wetu waliuheshimu mzio ambao sababu yake hawakuiona kwa macho. Nasi twaudharau mzio ambao daktari ametuonyesha sababu yake. Ni ajabu kwamba tumelichukua neno, tukaiacha heshima iliyokuwa ndani yake.

Basi ukarimu wa kweli haukuwa kumjaza mtu chakula apende asipende. Ulikuwa kumwuliza kwanza, "Wewe huli nini?" Swali hilo likiulizwa na mwenye nyumba, mtoto hahitaji kuhoji, na adabu yake hubaki nzima. Ndivyo mzigo wa kuuliza unavyoweza kuondolewa mabegani mwa mtoto wa miaka sita na kuwekwa juu ya watu wazima, ambao ndio wenye nguvu ya kuuchukua.

Liko kosa moja ambalo sitaki kulipita kwa upole. Wako ndugu wa mtoto, mara nyingi watu wazima wampendao sana, ambao hawaamini. Husema, "Sisi sote tulikula karanga, wala hatukufa." Nao humpa kidogo kwa siri, wapate kumzoesha, au wapate kumwonyesha mama yake kwamba anaogopa bure. Naam, wako madaktari wanaozoesha miili ya watoto kwa kipimo kidogo kidogo. Lakini hufanya hivyo kwa kuupima mwili kwanza, kwa kipimo cha chembe, na dawa ikiwa mkononi. Anayefanya hivyo jikoni kwa kijiko hatibu. Anajaribu bahati kwa maisha ya mtu mwingine, ambaye hakumwomba. Tena hata mtoto akisalimika siku ile, amefundishwa neno baya: kwamba watu wampendao humdanganya juu ya chakula. Mtoto wa namna hiyo atamwamini nani?

Nimesikia wengine wakisema, dawa ni nyepesi: shule ipige marufuku karanga, mambo yamekwisha. Nami nafahamu kwa nini mzazi aweza kutamani hivyo. Lakini tuwafikirie watoto wengine pia, kwa haki. Yuko mtoto aliyetoka nyumbani bila kula, na uji ule wenye karanga ndio utakaomtia nguvu mpaka jioni. Karanga kwake si anasa. Ni nyama na maziwa ambayo kwao hayapatikani. Je, tumnyang'anye maskini kijiko chake ili mwingine awe salama, hali iko njia nyingine? Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali, likiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada, lilitoa mashauri kwa shule juu ya neno hili. Walikiri kwamba ushahidi uliopo ni haba. Lakini walielekea kushauri kwamba shule zisitegemee kukataza vyakula kila mahali, bali ziwafundishe walimu na wafanya kazi, ziwe na mpango ulioandikwa kwa kila mtoto, na ziwe na dawa karibu. Maana marufuku huleta usingizi. Watu husema, hapa hakuna karanga, nao huacha kutazama. Kisha siku moja huingia kashata mfukoni mwa mtoto mgeni, wala hakuna ajuaye la kufanya.

Mtu aweza kunitajia hapa maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, juu ya nyama na ndugu aliye dhaifu. Ni maneno ya kuheshimiwa, lakini tusiyabandike hapa upesi. Paulo alinena juu ya dhamiri, nasi twanena juu ya koo linaloziba. Dhamiri dhaifu yaweza kufundishwa ikapata nguvu. Koo la mtoto halifundishiki kwa maneno. Kwa hiyo deni letu kwake halipungui tukimwona hajiamini, wala haliongezeki tukimwona mnyenyekevu. Ni deni la mwili.

Kwa watoto wadogo kabisa, ambao mikono yao imo katika vyombo vya wenzao wakati wote, naona yafaa darasa lao lisiwe na chakula kile mezani. Ni jambo dogo. Karanga zisagwe mbali, zisichanganywe na unga tangu mwanzo. Uji wa mtoto yule upikwe kwanza, katika sufuria safi, kwa mwiko wake na upawa wake, upakuliwe na kufunikwa. Ndipo karanga zitiwe katika uji wa madarasa makubwa. Utaratibu huo hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji mpishi aliyeelezwa sababu. Mpishi aliyeamriwa tu, bila sababu, siku ya haraka atachukua mwiko ulio karibu. Bali aliyeambiwa kwamba mwiko ule waweza kumwua mtoto anayemwita bibi kila asubuhi, hatausahau. Na kama mpishi hajui kusoma, barua ya daktari haitamsaidia. Mama na aende mwenyewe jikoni, amsalimu, amwonyeshe uso wa mtoto.

Yako mambo mawili yaliyotokea mbali, nayo yafaa tuyafikiri, si kwa kuwalaumu watu wa kule, bali kwa kuwa yalichunguzwa wazi na kuandikwa. La kwanza lilitokea Kanada, katika mji wa Pembroke, jimbo la Ontario, mwaka 2003. Msichana wa miaka 13, jina lake Sabrina Shannon, alikuwa na mzio wa maziwa miongoni mwa vingine. Alinunua viazi vya kukaanga katika mgahawa wa shule, na yaaminiwa kwamba koleo la kupakulia lilikuwa limegusa jibini. Pumzi ilipombana alidhani ni pumu yake. Sindano yake ya dawa ilikuwa katika kabati lake, mbali naye. Akafa. Wazazi wake hawakunyamaza, na mwaka 2005 Bunge la jimbo lile likapitisha sheria inayoitwa kwa jina lake, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2006. Sheria hiyo yaamuru kila halmashauri ya shule iwe na utaratibu wa kuwalinda watoto hawa, walimu wafundishwe, na kila mtoto awe na mpango wake.

La pili lilitokea London, mwaka 2017. Mvulana wa miaka 13, mwenye mzio wa maziwa, alirushiwa kipande cha jibini na mwanafunzi mwenzake, kikamgusa shingoni. Baada ya siku chache akafa. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba sindano yake iliyokuwa shuleni ilikuwa imepita tarehe. Na kwamba yule mwenzake alitenda utoto usio na fikira, bila kukusudia madhara makubwa. Wenzake walijua kwamba ana mzio. Hawakujua kwamba mzio waua.

Tazameni tofauti ya kujua na kujua. Darasa zima laweza kuambiwa, "Mwenzenu hali karanga," nao wakaichukua kuwa mzaha, kama wanavyomcheka mtoto asiyependa bamia. Kwa hiyo sikubaliani na wazazi wanaoificha hali ya mtoto wao kwa sababu ya aibu, wala na walimu wanaosema kwamba watoto wadogo hawawezi kuelewa. Mtoto wa miaka sita aelewa vizuri kwamba moto huunguza na kwamba kisima si mahali pa kuchezea. Aambiwe wazi, kwa maneno machache, bila hadithi za kutisha: karanga zaweza kumfunga huyu pumzi, usimpe chakula chako, nawa mikono ukila, ukimwona anavimba au anakohoa sana, mkimbilie mwalimu, usingoje. Mtoto aliyepewa kazi ya namna hii huitunza kwa bidii kuliko mtu mzima. Wala si kazi ya kumfundisha uchoyo. Rafiki anayeikataza kashata isifike mkononi mwa mwenziwe amemkirimu kuliko yule aliyempa nusu.

Wengine hufikiri wamemaliza kazi wakimketisha mtoto peke yake, pembeni, na sahani yake, kama zamani watu walivyowatenga wenye ukoma. Naona ni ukatili, ingawa haukukusudiwa. Mzio hauambukizi. Aketi pamoja na wenzake, karibu na wale wasio na chakula kile siku ile, meza ikiwa imefutwa kwa maji na sabuni. Mtoto anayetengwa kila siku atakula siku moja kile alichokatazwa, kwa tamaa ya kuwa kama wengine. Na hapo tutasema ni mtundu.

Sasa juu ya mwalimu na sindano. Dawa ya hatari hii ni moja, adrenalini, nayo hupigwa katika msuli wa paja, upande wa nje. Vidonge na maji ya kuondoa vipele havizuii kifo, wala maziwa hayazuii, wala maombi hayakusudiwi kuwa badala ya sindano. Dalili za kuogopwa ni hizi: kupumua kwa shida au kwa sauti ya filimbi, sauti kukauka, ulimi kuvimba, kutapika kusikokoma, kulegea, au kuzimia baada ya kula. Hapo sindano ipigwe mara moja, mtoto alazwe na miguu yake iinuliwe. Ikiwa pumzi ni nzito aketi, lakini asisimamishwe wala asitembezwe. Kisha apelekwe hospitali, hata kama amepata nafuu, maana shambulio laweza kurudi. Katika nchi kama Uingereza na Marekani iko sindano iliyo tayari, kama kalamu, ambayo asiye mganga aweza kuitumia, na tangu Oktoba 2017 shule za Uingereza zimeruhusiwa kununua na kuweka za akiba. Katika nchi nyingi za Afrika kalamu hizo hazipatikani kwa urahisi. Lakini adrenalini ya kichupa ni dawa ya kale, imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na mzazi aweza kukubaliana mapema na zahanati iliyo karibu na shule: nani atakimbia, kwa pikipiki ya nani, na kama ipo sindano huko leo, si kama ilikuwapo mwaka jana.

Mwalimu huogopa. Husema moyoni, "Nikimchoma akafa, nitasemwa kwamba nimemwua, nisipomchoma akafa, ni ugonjwa wake uliomwua." Hili ni swali la kale la wanafikra, kama kosa la kutenda ni kubwa kuliko kosa la kutotenda, na kwa mambo mengine laweza kuwa gumu. Hapa si gumu. Mtoto mwenye afya aliyepigwa adrenalini bila sababu, kwa kipimo chake, moyo wake utakwenda mbio na mikono itatetemeka, kisha itapita. Mtoto aliyeihitaji asiipate hana saa ya kungoja. Makosa mawili hayo hayana uzito mmoja. Lakini tusimwache mwalimu na hofu yake peke yake. Wazazi wamwandikie kwa mkono wao kwamba wamempa ruhusa, daktari aandike kipimo, mwalimu mkuu atie sahihi, ili siku ile mwalimu wa zamu asiwe anatafuta ruhusa katika dakika ambazo mtoto anatafuta pumzi. Ni vibaya kumtaka mtu awe shujaa, hali karatasi moja ingetosha.

Na shule ya Jumapili ni shule pia. Wainjilisti na walimu wetu hugawa maandazi, biskuti na karanga siku za sikukuu, kwa furaha, bila kuuliza. Pale hakuna daftari la afya, na mara nyingi mama yuko ndani ya kanisa hali mtoto yuko nje chini ya mwembe. Mwalimu na aulize kabla ya kugawa, na aandike majina. Kwa mtoto yule awekewe kitu kingine kizuri, si ndizi iliyobaki wakati wenzake wanakula keki.

Limebaki neno la mtoto mwenyewe, na hili ni gumu kwa mzazi kuliko yote. Ampe hofu kiasi gani? Akimwambia kila siku, "Utakufa," mtoto ataiogopa kila sahani, hatalala, pengine atakataa hata chakula kilicho salama. Asipomwambia kitu, atakula. Wako wazazi ambao, kwa hofu, wamefikiri kumwacha mtoto nyumbani asisome. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono, maana mtoto aliyefungiwa hajifunzi kujilinda, na siku moja atatoka. Mtoto wa miaka mitatu hulindwa. Wa miaka sita huanza kusema, "Siwezi kula hiki, asante". Wa miaka kumi ajue kusoma maneno yaliyo juu ya pakiti. Na wa miaka kumi na miwili, kama sindano ipo, aichukue mwenyewe, isiwe kabatini. Kila mwaka mzazi humkabidhi sehemu ndogo ya ulinzi, kama mkulima anavyomkabidhi mwanawe shamba, kwanza tuta moja. Wengi walio na mzio wa maziwa au mayai hupona wakikua. Wa karanga wanaopona ni kama mmoja katika watano, basi wengine watakuwa nao utu uzima wao wote, nao itawapasa kuomba chakula na kukataa chakula bila mama kusimama nyuma yao.

Lakini mpaka siku hiyo mama husimama. Mwezi wa Januari darasa hupata mwalimu mpya, mpishi wa mwaka jana pengine amekwenda zake, watoto wengine wamehamia, na dawa iliyokuwa nzuri mwezi wa Juni imepita tarehe. Barua iliyoandikwa kwa mwalimu wa kwanza imebaki katika saraka yake. Basi mzazi achukue karatasi nyingine, aitazame tarehe iliyo juu ya kichupa, aende tena shuleni kabla ya kengele ya kwanza, aanzie jikoni.